Nyumbani Mnazungumza Lugha Gani?

Mdogo wangu alipiga simu usiku, nikiwa sebuleni nasahihisha madaftari ya kidato cha kwanza. Kwake Ohio ilikuwa bado mchana. Alikuwa ametoka kumwandikisha mwanawe shule, na kati ya karatasi alizopewa kulikuwa na moja iliyomkwamisha.

"Dada, wanauliza mtoto alianza kusema kwa lugha gani. Halafu nyumbani tunaongea lugha gani. Halafu yeye mwenyewe anapenda kujibu kwa lugha gani. Niandike nini?"

Nikamwambia aandike ukweli.

"Ukweli upi, dada? Mimi na baba yake tunaongea Kiswahili. Mama akipiga kutoka Magu ni Kisukuma, na mtoto anamwelewa. Katuni zote Kiingereza. Na Watanzania wa huku wananiambia niandike Kiingereza tu, nikitaja kingine watamweka na wasiojua."

Tulivutana mpaka bando langu likakata. Nikarudi kwenye madaftari, lakini kazi haikuenda tena.

Nimefundisha Baiolojia kwenye shule za kata hapa Ilemela, Mwanza, kwa miaka mingi. Kila Januari tunajaza taarifa za wanafunzi wapya: jina la mzazi, kazi yake, simu yake, mtaa, afya ya mtoto, shule aliyotoka. Najua nani ana pumu na nani analelewa na bibi.

Hakuna karatasi iliyowahi kuniuliza mtoto huyu kwao wanazungumza nini.

## Wenzetu wanauliza kwa nini

Nilipofuatilia nikakuta ile fomu ya mdogo wangu ina historia nzito. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka San Francisco. Kulikuwa na wanafunzi wa asili ya Kichina waliowekwa darasani na wenzao, wakapewa vitabu vilevile, walimu walewale na ratiba ileile. Somo lilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza walikuwa hawakijui. Hoja ya shule ilikuwa kwamba watoto wote wametendewa sawa.

Mahakama ikakataa. Ikasema kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule hakutoshi kuitwa usawa, kama mtoto mwenyewe haelewi lugha inayosemwa pale mbele. Elimu inakuwa haimfikii. Shule zikawa na wajibu wa kumtambua mtoto wa namna hiyo na kumsaidia, na kumtambua kunaanzia kwenye karatasi kama ile iliyomkwamisha mdogo wangu.

Hata kwa watu wazima wanauliza. Tangu mwaka 1980 serikali yao inawauliza wananchi kama nyumbani wanazungumza lugha nyingine isiyo Kiingereza, ni lugha gani, na Kiingereza wanakiweza kiasi gani: vizuri sana, vizuri, si vizuri, au hawakiwezi kabisa. Anayejibu chochote chini ya "vizuri sana" anahesabiwa kuwa bado ana pengo la lugha. Kwenye majedwali yao Kiswahili kimewekwa kapu moja na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini, jambo lililomuuma mdogo wangu. Kisukuma cha mama hakina hata mstari wake.

Sensa yetu ya Agosti 2022 iliuliza jambo jingine. Iliuliza kama mtu anajua kusoma na kuandika, na kwa lugha ipi: Kiswahili, Kiingereza, zote mbili, au nyingine. Lugha ya jikoni haikuulizwa.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kusumbuka. Kule, mtoto asiyezungumza Kiingereza nyumbani ni wa kutafutwa katikati ya wengi wanaokizungumza. Hapa Mwanza ni karibu darasa zima. Je, kama sababu ya kuuliza ni kumpata anayehitaji msaada, sisi tuulize ili iweje, wakati jibu linajulikana kabla mtoto hajashika kalamu?

Nilikaa na wazo hilo muda mrefu. Karibu linishinde.

## Mtoto wa Ukara

Kilichonirudisha ni mvulana mmoja niliyemfundisha, aliyetoka kisiwani Ukara. Anayetoka Ukara kuja Mwanza anavuka mara mbili: kivuko kutoka Bwisya hadi Bugolora, kisha kutoka Nansio anapanda meli. Kiswahili alikipata shuleni. Kiingereza alikutana nacho kama somo, na kidato cha kwanza kikageuka kuwa masomo yote.

Kwenye jaribio langu kulikuwa na swali la jinsi samaki anavyopumua. Aliacha nafasi nyeupe. Hakuandika hata neno la kubahatisha.

Wiki iliyofuata tulikuwa na kipindi cha vitendo. Nilikuwa nimenunua sato wawili, mmoja asubuhi ile Kirumba na mwingine nilikuwa nimemtoa jikoni kwangu, ana siku yake. Nikawaita wanafunzi waje meza ya mbele. Yule mvulana akaja, akaingiza kidole gumba chini ya kifuniko cha shavu la samaki wa kwanza, akainua, akatazama. Akafanya hivyo na wa pili.

"Huyu wa leo, madamu. Huyu kalala."

Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha: mashavu ya wa kwanza mekundu, yanang'aa, nyuzinyuzi zimeachana. Ya wa pili yamepauka, yana utelezi, yameshikana. Nikamuuliza kwa nini yawe mekundu. Akasema ni damu, kwa sababu pale ndipo samaki anapovuta hewa ya majini, na damu inapita karibu ili iichukue. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba ndiyo maana samaki akitolewa nje nyuzi zinalaliana na anakufa hata kama hewa imejaa kila mahali.

Nimeona majibu ya kidato cha nne yasiyofika hapo.

"Mbona kwenye jaribio hukuandika?"

"Sikuelewa mlichouliza, madamu."

Alijibu bila aibu na bila kulalamika. Lakini kwenye orodha ya wanafunzi dhaifu iliyobandikwa ofisini, jina lake lilikuwa la tatu kutoka juu, na pembeni kulikuwa na maelezo ya neno moja: mzito.

Sijui kama kuna kitu kimeniuma zaidi ya neno hilo katika kazi yangu. Tulikuwa tumempima Kiingereza, tukaandika habari ya akili yake.

## Nikaliuliza darasa

Basi mwaka huu niliwaambia kidato cha kwanza wachane karatasi, wasiandike majina, wanijibu: nyumbani unazungumza lugha gani, na nani?

Kabla hawajaanza, mkono ukanyooshwa nyuma.

"Madamu, nyumbani wapi? Ngudu kwa mama, au hapa Igoma kwa shangazi?"

Darasa likacheka, mimi nikanyamaza. Nusu ya watoto wangu wana nyumba mbili kwa maana hiyo. Nikamwambia aandike zote.

Karatasi zile ninazo hadi leo. Wengi wameandika Kiswahili na mama, Kisukuma na bibi. Mmoja ameandika: "Kijita na baba akikasirika." Mwingine: "Kiswahili, ila baba na mama wakitaka tusielewe wanaongea Kikurya." Kuna Kihaya cha kwenye simu tu. Kuna mtoto aliyeandika kwamba anaongea Kizinza na ng'ombe, na nadhani hakuwa anatania, maana alikuwa amechunga mpaka darasa la saba. Kuna Kikerewe, kuna Kiha, kuna Kijaluo cha mama mdogo. Na kuna karatasi moja iliyoandikwa: "Kiingereza na kaka yangu anayesoma SAUT akiwa na muda." SAUT ni chuo kikuu hapa Mwanza.

Binti mmoja alinifuata mezani kuniambia kwa mdomo. "Sisi kwetu hatuongei kilugha, madamu." Alisema kwa haraka, kama mtu anayeitetea familia yake mbele ya baraza. Kuna watoto wameshajifunza kwamba kilugha ni cha washamba, na aliyewafundisha hivyo mara nyingi ni sisi walimu. Nimefanya kazi kwenye shule ambako monita alikuwa anaandika majina ya waliosikika wakizungumza Kiswahili, Kiswahili chenyewe, achilia mbali Kisukuma, na majina yale yalisomwa mstarini asubuhi. Wakati wa mapumziko uwanja ulikuwa unanyamaza mwalimu akipita. Akishapita, kelele zinarudi.

Nilitegemea kuona kwamba waliokulia kwenye kilugha ndio wanaohangaika zaidi na Kiingereza. Baadaye nilizungumza na mmoja mmoja, nikawalinganisha na kazi zao za darasani. Sikuona hivyo. Waliotoka Kwimba na Misungwi na Kisukuma chao hawakuwa nyuma ya waliozaliwa Kitangiri na Kiswahili kitupu. Baadhi yao, waliozoea kuhama lugha moja hadi nyingine tangu wadogo, hawakuwa na woga wa kujaribu sentensi mbovu.

Kilichowagawa kilikuwa kingine kabisa. Ni kama nyumbani kuna mtu anayeweza kufungua kitabu cha Kiingereza na kumweleza mtoto kilichoandikwa ndani, kwa lugha yoyote.

Yule mwenye kaka SAUT alikuwa wa kwanza darasani.

Nilikuwa nimejiandaa kuandika kuhusu lugha ambazo watoto wanazo, na karatasi zikanipeleka kwa watu ambao watoto hawana.

## Kuhesabu makabila

Mwenzangu mmoja wa chumba cha walimu, mtu mzima ninayemheshimu, aliposikia nimefanya zoezi lile aliniita pembeni.

"Madamu, unataka kuwahesabu makabila?"

Hakuwa na ubaya, na hofu yake naielewa. Sensa ya mwaka 1967 iliuliza kabila la mtu. Zilizofuata hazikuuliza, na si kwa kusahau. Sisi tuliokulia nchi hii tunajua tumepata nini kwa uamuzi ule. Mtoto wa Kikurya na wa Kisukuma wanakaa dawati moja pale Nyakato na hakuna anayejali. Na ukimuuliza Mtanzania lugha ya kwao, umeshamuuliza kabila, hata kama umezunguka.

Wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotaka kujua lugha zetu zikoje, ilibidi wakusanye wenyewe mikoani, na mwaka 2009 wakachapisha atlasi yenye lugha takriban 150. Kisukuma kiliongoza kwa wasemaji zaidi ya milioni tano. Hakuna aliyepigana kwa sababu ya atlasi ile.

Lakini darasa la watoto wa miaka kumi na nne si atlasi. Nilijiuliza kama karatasi zangu zingeweza kumfanya mtoto mmoja atengwe. Kwa hiyo ndiyo maana sikutaka majina, na ndiyo maana nadhani jibu la swali hili, likiulizwa rasmi, likae kwa mwalimu wa darasa tu. Lisipande wilayani. Lisiwe takwimu. Liwe la kufundishia.

Nilimkumbusha mwenzangu pia kwamba Mwalimu Nyerere alipoingia shule ya Mwisenge pale Musoma mwaka 1934, alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili anayetoka Butiama na Kizanaki chake. Aliishia Edinburgh, na shahada akaipata kwa Kiingereza. Kizanaki hakikumzuia kwenda, na hakikumzuia kurudi kuijenga nchi yenye lugha moja ya taifa.

Mzee alitikisa kichwa. Hakuniambia amekubali.

## Mama wa Mabatini

Najua wapo watakaosoma hapa wakadhani naelekea kwenye ule mjadala wa kila mwaka: tufundishe sekondari kwa Kiswahili au tubaki na Kiingereza. Mjadala una umri wangu. Shule za msingi zilihamia Kiswahili mwaka 1967. Tume ya Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kuhama kuanzia 1985, ikakwama. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Mahakama zimehamia Kiswahili kwa sheria ya mwaka 2021. Mimi Jumatatu nitaingia kidato cha kwanza na kitabu cha Kiingereza.

Nina msimamo wangu, na ni kwamba mtoto angejifunza Baiolojia zaidi kwa lugha anayoielewa. Ila kuna mama mmoja ninayemnunulia chapati Mabatini. Ana watoto watatu, na mmoja amempeleka ingilishi midiamu, wawili wako kayumba, shule za serikali, kwa sababu ada ya watatu haiwezi. Nilipomwambia mawazo yangu alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza chapati, akasema:

"Mwalimu, wewe Kiingereza unacho. Usiwanyime wangu."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Anajua usaili wa kazi kule migodini Geita na kwenye hoteli za mjini unafanywa kwa lugha gani. Anajua vijana wanaorudi wakisema waliulizwa maswali waliyoyajua na wakashindwa kufungua mdomo. Mwanawe mmoja anajibu wateja wa Kizungu wanaoshuka Capri Point, wengine wawili wanamtazama. Tofauti hiyo imo ndani ya nyumba yake, mezani pake, kila jioni.

Kwa hiyo sisemi Kiingereza kiondoke. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho na nadhani kinawezekana Januari ijayo: kabla hatujaandika kwamba mtoto ni mzito, tumuulize amekuja na lugha zipi na nani atamsaidia jioni. Zile wiki chache za kozi ya awali ya Kiingereza tunazowapa kidato cha kwanza zinamfaa aliyetoka ingilishi midiamu, ambaye hazihitaji, na zinampita yule wa Ukara, ambaye anahitaji mwaka. Tungejua nani ni nani, tungezigawa vingine.

## Maswali matatu

Nimempelekea mkuu wa shule karatasi yenye maswali matatu.

La kwanza: siku nyingi unazungumza lugha gani, na nani? La pili: mtu akikueleza jambo jipya, ungependa akueleze kwa lugha gani kwanza? Hayo mawili yamepita, kwa sharti kwamba neno kabila lisionekane popote na karatasi zibaki kwa mwalimu wa darasa.

La tatu ndilo linalobishaniwa. Nimeuliza: kuna mtu nyumbani anayeweza kukusomea kitabu cha Kiingereza? Mwalimu wa taaluma anasema swali hilo litamdhalilisha mzazi asiyejua kusoma, na mtoto atadanganya ili kumlinda. Hoja yake ni nzuri. Nimeona watoto wakidanganya kuhusu chakula cha jioni, sembuse hili. Nikapendekeza tuliandike hivi: kuna mtu yeyote unayeweza kumfikia, wa nyumbani au jirani? Bado anasita. Mimi ndilo ninalolitaka kuliko mengine, maana ndilo lililonionyesha darasa langu lilivyo.

Wakati tunabishana nimeanza na kisichohitaji kibali. Baada ya vipindi vya Jumatano, wachache wa kidato cha tatu wanakaa na wale wasio na wa kuwasomea. Wanafungua kitabu, wanaelezana kwanza kwa lugha yoyote inayofika, halafu wanatafuta pamoja namna ya kuliandika jibu kwa Kiingereza. Sharti langu ni moja tu, kwamba asiwepo wa kuandika majina ya waliozungumza nini. Wiki za mwanzo walinong'ona, hawakuamini. Sasa kelele zao zinafika ofisini, na mwalimu wa taaluma ameshakuja mara kadhaa kusimama mlangoni kusikiliza.

Kama wewe ni mwalimu Sengerema, Ukerewe, Bunda au popote kuzunguka ziwa hili, na umewahi kuliuliza darasa lako swali hili, niandikie ulivyoliuliza na watoto walivyojibu. Hasa hilo la tatu. Kikao chetu ni mwisho wa mwezi, na ningependa niingie nikiwa na zaidi ya darasa moja mkononi.